Mota ya kiwandani: uiache mpaka ife, uihudumie kwa tarehe, au uipime?

Bajeti ya matengenezo inapoandikwa, viwanda vyetu vya kati huwa na kauli mbili zinazogombana. Mhasibu anasema mota inayozunguka haiguswi: inafanya kazi, unaifungua ya nini? Msimamizi wa matengenezo anataka zote zifunguliwe kila miezi sita, zisafishwe, zibadilishwe beringi, zirudishwe. Kila mmoja ana mifano ya kumuunga mkono. Shida ni kwamba wote wawili wanaizungumzia mota kana kwamba ni kitu kimoja chenye umri mmoja.

Ukiifumua, mota ni beringi mbili, nyaya zilizosukwa, shafti, feni ya nyuma na boksi la viungo. Nyuma yake kuna kinachoiwasha: kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili) na ovalodi (kinga inayokata umeme ampea zikizidi), staa-delta (kontakta tatu zinazoiwasha mota kwa nguvu ndogo kwanza, kisha kamili), au invata, yaani kifaa kinachobadili kasi ya mota kwa kubadili hezi za umeme. Mbele yake kuna mkanda au kapulingi. Kila kimoja kina namna yake ya kufa. Feni ya invata huzeeka kwa saa za kazi. Beringi haijali kalenda. Insulesheni, ile vanishi na karatasi inayotenganisha nyaya, inaweza kudumu miaka ishirini, au ikaungua mchana mmoja fezi moja, yaani mmoja wa mistari mitatu ya umeme, ikipotea na ovalodi isiruke. Kwa hiyo mimi huwashauri watu wachague kifaa kwa kifaa: hiki hufaje, na kikifa nini kinasimama?

Nitatumia kinu cha unga wa mahindi, maana humo mota za ukubwa tofauti hukaa chini ya paa moja na kula vumbi moja. Tuseme kiko Mbeya. Kina mota ya kilowati 75 inayoendesha kinu cha nyundo, inawashwa kwa staa-delta. Kina blowa ya kilowati 30 inayovuta unga, nayo ina invata. Halafu kuna mota kadhaa za kilowati 2.2 kwenye elevata za ndoo na skrubu za kusafirishia, zinazowashwa moja kwa moja kwa kontakta. Umeme ni wa njia tatu, volti 400, hezi 50. Mota kubwa ikibeba mzigo kamili hula ampea 135 hivi; zile ndogo hula kama 5 kila moja.

| | Kuiacha mpaka ife | Huduma kwa tarehe | Kupima na kufuata hali |
|---|---|---|---|
| Unachohitaji | Mota ya akiba iliyo tayari stoo | Ratiba, vipuri, muda wa kusimamisha | Vifaa vya kupimia, daftari, mtu yuleyule kila mara |
| Inafaa wapi | Mota ndogo zinazofanana, zisizosimamisha laini | Vinavyochakaa kwa saa: feni, kapasita, vichujio, mikanda | Beringi, insulesheni, viungo vya nyaya, mota kubwa |
| Inavyokuangusha | Kifo kimoja huburuta kingine | Unafungua kizima, unakirudisha kigonjwa | Namba zinaandikwa, hakuna anayezisoma |

Kuiacha mpaka ife

Mfumo huu una jina baya kwa sababu wengi wameufuata bila kuuchagua. Ukiuchagua kwa akili, ni mfumo halali. Mota ya kilowati 2.2 huwa na beringi ndogo, mara nyingi 6206, zilizofunikwa pande zote mbili na grisi ya kiwandani ndani yake. Haina hata chuchu ya kutilia grisi. Zaidi ya kuifuta vumbi na kuhakikisha feni yake inazunguka, hakuna huduma ya kuifanyia. Kumpa fundi nusu siku aifungue, wakati nyingine kama hiyo iko stoo, ni kuitupa hiyo nusu siku.

Ila akiba yenyewe iwe akiba kweli. Kilowati peke yake hazitoshi: fremu iwe ileile, kasi ileile, na ufungaji uleule, wa miguu au wa flanji. Fundi anayeanza kuchonga puli saa nane za usiku hakuwa na mota ya akiba. Alikuwa na chuma stoo.

Ovalodi nayo iwekwe kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, isipite hapo. Ugonjwa unaoonekana karibu kila paneli ni bisibisi iliyozungusha ovalodi juu kidogo "ili isirukeruke". Ikifika hapo hujaiacha mota ife kwa wakati wake, umeiua. Na kwenye staa-delta kuna mtego wa ziada. Ovalodi ikiwa imefungwa ndani ya pembetatu (ile delta yenyewe), inapitisha asilimia 58 tu ya ampea za laini. Kwa mota yetu ya 75 inatakiwa isomeke kama 78, wala si 135. Ukiiweka 135 ni sawa na kutokuwa na ovalodi kabisa.

Na kifo chake kisidhuru kingine. Vumbi la unga likiwa hewani linaweza kuwaka na hata kulipuka. Mota ndogo ya skrubu ikikwama, ovalodi itaikata, habari imekwisha. Beringi za elevata yenyewe, zile za ngoma ya juu na ya chini, ni kitu kingine: zikikauka zinapata moto ndani ya mnara uliojaa vumbi. Hizo haziingii kwenye orodha ya kuachwa, hata kama mota inayoziendesha imo.

Huduma kwa tarehe: pale inapofaa na pale inapoharibu

Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa shirika la ndege la United Airlines waliandika ripoti kwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani kuhusu matengenezo ya ndege. Katika vifaa walivyovichunguza, ni asilimia 11 tu vilivyoonyesha uchakavu unaofuata umri. Vilivyobaki havikunufaika na tarehe ya kubadilishwa, na vingi kati yake vilikuwa na hatari kubwa zaidi vikiwa vipya au vikiwa vimetoka tu kufunguliwa.

Mota si ndege, lakini beringi zina tabia hiyohiyo. Saa za uhai zinazoandikwa kwenye katalogi za beringi, zinazoitwa L10 katika kiwango cha ISO 281, ni zile ambazo beringi 10 kati ya 100 zitakuwa zimeshakufa. Nusu ya hizo 100 hufika karibu mara tano ya saa hizo. Ukibadilisha zote kwa tarehe, utatupa nyingi zikiwa bado vijana, na zile kumi za mwanzo hutaziokoa kwa sababu zilikufa kabla ya zamu yako. Juu ya hapo, kila ufunguzi una hatari zake: beringi kugongwa kwa nyundo, mchanga kuingia, shafti kurudi bila kunyooshwa na kapulingi, nyaya mbili kubadilishana na mota kuzunguka kinyume. Kwa beringi za mota kubwa, basi, tarehe ni kigezo dhaifu. Mhasibu hapo amepata.

Grisi ndiyo mahali ambapo ratiba inahitajika na pia ndipo inapofanya madhara makubwa kuliko popote. Mazoea ya mafundi wengi ni kusukuma mpaka grisi mpya ichungulie upande wa pili. Beringi iliyojazwa grisi hukoroga badala ya kuteleza, inapata moto, na ziada inasukumwa ndani kwenye nyaya. Hesabu inayotumika sana ni hii: gramu = 0.005 × kipenyo cha nje × upana, vyote kwa milimita. Beringi ya 6312, ambayo utaikuta kwenye mota nyingi za kilowati 30, ina kipenyo cha 130 na upana wa 31, kwa hiyo inataka gramu 20. Ile ya 6317 kwenye mota ya 75 ina 180 kwa 41, inataka gramu 37. Bastola za grisi hazifanani. Isukume mara kumi juu ya karatasi, pima kwenye mizani, gawa kwa kumi, kisha andika jibu kwa rangi kwenye bastola yenyewe. Mota ikiwa na tundu la kutolea grisi chafu, lifungue kabla ya kusukuma, na uiache izunguke muda kidogo kabla ya kulifunga.

Tena usichanganye grisi. Mota nyingi hutoka kiwandani na grisi ya poliurea, na kopo la grisi ya litiamu ndilo lililo kila duka la vipuri. Zikikutana, aghalabu hulainika na kuvuja. Kama hujui iliyomo ndani, ni heri usubiri siku ya kubadili beringi kuliko kuongeza ya kubahatisha.

Hata hivyo msimamizi naye ana haki yake, na haki hiyo iko ndani ya invata. Humo mna vitu vinavyochakaa kwa saa na joto kama saa ya ukutani. Feni ya kupoza kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kapasita kubwa zinazohifadhi umeme wa DC ndani yake hukauka polepole, na kanuni inayokubalika ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazopungua huongeza uhai wake maradufu. Feni ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote mle ndani, lakini ikisimama inavuta kapasita na transista (swichi za elektroniki za kutolea umeme) pamoja nayo. Hapa usipime, usisubiri. Badilisha kwa tarehe. Kichujio cha mlango wa paneli kwenye kinu cha unga kikaguliwe kila wiki, na mapezi ya kupoza yasafishwe kwa kufyonza vumbi. Upepo wa kompresa unatawanya unga hewani na kuusukuma mahali ambapo ulikuwa haujafika.

Mbeya inaongeza jambo ambalo Dar es Salaam haina. Invata nyingi na mota nyingi hupimwa uwezo wake kwa joto lisilozidi nyuzi 40 na mwinuko usiozidi mita 1,000. Juu ya hapo hewa ni nyepesi, haibebi joto vizuri, na watengenezaji wengi wa invata hupunguza uwezo kwa asilimia 1 kila mita 100. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi, kwa hiyo invata ya huko ina asilimia 93 ya uwezo ulioandikwa. Kwa faraja, hali ya hewa ya Mbeya ni baridi na inarudisha kiasi. Lakini invata iliyochaguliwa ikilingana kabisa na mota, ikafungiwa ndani ya paneli yenye kichujio kilichoziba, itakufa mapema, na lawama atabebeshwa fundi.

Kupima: anza na kisicho na gharama

Watu wakisikia mfumo wa kupima hali, wanawaza kamera ya joto. Mimi ningeanza na multimita ambayo fundi anayo tayari mfukoni, nipime volti za fezi tatu kwenye mota ikiwa inafanya kazi.

Chukua mfano: 410, 400, 390. Wastani ni 400, tofauti kubwa kabisa na wastani ni 10, sawa na asilimia 2.5. Inaonekana ndogo. Lakini ongezeko la joto la mota ni takriban mara mbili ya kipeo cha pili cha asilimia hiyo: 2 × 2.5 × 2.5, yaani asilimia 12.5. Mota iliyokuwa ikipanda nyuzi 80 juu ya joto la chumba sasa inapanda 90. Nyuzi 10 za ziada, kwa kanuni ya zamani ya insulesheni, hukata uhai wake nusu. Hakuna grisi wala vanishi itakayokurudishia nusu hiyo. Kiwango cha NEMA MG 1 cha Marekani kinataka mota ipunguziwe mzigo tofauti inapozidi asilimia 1, na hakishauri iendeshwe kabisa tofauti ikizidi 5. Wakati mwingine sababu ni transfoma ya mtaa. Mara nyingi zaidi ni ndani ya kiwanda: taa, ofisi na mashine za kulehemu vimerundikwa kwenye fezi moja, au kiungo cha fyuzi kimelegea. Kipimo hiki kinachukua dakika tatu, na sijaona ratiba nyingi zinazokitaja.

Kinachofuata ni megga, kifaa kinachopima uzima wa insulesheni kwa megaomu. Kwa mota za volti 400 tumia volti 500 za DC kwa dakika moja. Kiwango cha IEEE 43 kinaweka chini kabisa megaomu 5 kwa mota za kawaida za volti chini ya 1,000, baada ya namba kurekebishwa kwa joto la nyuzi 40. Ila usiishie kwenye "imepita". Mota iliyokuwa na megaomu 800 mwaka jana na sasa ina 60 imepita, na inakufa. Mwelekeo ndio habari. Kwa mikoa yenye masika marefu, pima hasa mota iliyolala wiki kadhaa kabla ya kuiwasha, maana nyaya zikinyonya unyevu siku ya kuwasha ndiyo siku ya kuungua.

Onyo moja ambalo ningeliandika kwenye kifuniko cha megga kwa wino mwekundu: mota yenye invata ichomolewe kwanza nyaya zake kwenye invata. Volti 500 zikiingia kwa njia ya nyuma zinaua transista za kutolea umeme, na utakuwa umepima mota nzima na kuiua invata nzima. Na kabla ya kuzigusa nyaya hizo, zima, funga swichi kwa kufuli lenye jina lako, subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko cha invata, kisha pima mwenyewe ndani yake. Kwenye umeme wa 400, njia ya DC ndani ya invata (mafundi huiita basi) hubeba zaidi ya volti 540, na kapasita hazijui kwamba umezima.

Kuhusu mtetemo, kiwango cha ISO 10816-3, ambacho mwaka 2022 nafasi yake ilichukuliwa na ISO 20816-3, kwa mota za kilowati 15 hadi 300 zilizofungwa kwenye msingi mgumu kilisema hivi: chini ya milimita 2.8 kwa sekunde endelea. Kati ya 2.8 na 4.5 panga matengenezo. Zaidi ya 4.5 unaharibu mashine. Kinu cha nyundo kina kelele zake, na nyundo zikichakaa bila usawa mota itatetemeka hata ikiwa nzima. Kwa hiyo weka alama ya rangi mahali pa kugusisha kipimo, pima palepale, mzigo uleule, na linganisha mota na historia yake yenyewe. Kipimo cha mkononi cha bei nafuu kinatosha kuanza. Sikio la fundi mzoefu nalo ni kipimo, lakini haliachi maandishi akihama kazi.

Kamera ya joto nimeiweka mwisho makusudi. Ni nzuri sana kwa paneli: kiungo kilicholegea huonekana kabla hakijanuka, na unaacha kukaza kila skrubu kwa nguvu ya mkono kila huduma mpaka nyuzi zake zinavuka. Lakini lazima mzigo uwepo, angalau asilimia 40 ya uwezo. Ukipiga picha mashine zimelala hutaona kitu. Shaba inayong'aa hudanganya kamera, inaonekana baridi wakati inaunguza. Bastola ya joto ya bei ndogo inasaidia, ila ujue inachokiona: yenye uwiano wa 12 kwa 1, ukisimama mita 1.2, inapima wastani wa duara la sentimita 10. Skrubu yenye moto itapotea ndani ya duara hilo.

Kinachoiwasha mota hubadilisha hesabu yote

Kontakta ya moja kwa moja ni rahisi kuliko vyote kuitunza: ncha za mguso, koili, ovalodi, basi. Gharama yake inakwenda kwenye mota na mkanda, kwa sababu mwasho mmoja huvuta ampea mara 6 hadi 8 ya kawaida na kuipiga shafti. Kwa kilowati 2.2 hilo ni sawa kabisa.

Staa-delta hupunguza mvuto wa laini hadi theluthi moja, na nguvu ya kuzungusha pia hadi theluthi. Kinu cha nyundo kikiwashwa kikiwa na mahindi ndani, theluthi hiyo haitoshi. Mota inang'ang'ana kwenye staa, kisha inaruka kwenda delta kwa kishindo. Ukiona ncha za kontakta zinaungua mara kwa mara, usianze kwa kununua kontakta nyingine. Tazama taima, tazama kama mwendeshaji anawasha mashine tupu. Kontakta tatu nazo ni mara tatu ya vitu vya kukagua.

Kiwashio laini cha thairista (swichi za elektroniki zinazoipandishia mota volti taratibu) hakina feni nyingi wala kapasita kubwa, na baada ya kuwaka umeme hupita kwenye kontakta ya pembeni. Kwa kinu kinachozunguka kasi moja siku nzima, kama staa-delta inakuchosha, hiki kinaweza kukufaa kuliko invata.

Invata ndiyo yenye faida na madai mengi. Mota inaondoka taratibu, mkanda unapumua, umeme unapungua blowa ikipunguzwa kasi. Pia ni kipimo cha bure: ndani yake mna ampea, volti za DC, joto la mapezi, saa za kazi, na orodha ya makosa ya mwisho. Mafundi wengi hubonyeza kitufe cha kufuta kosa kabla ya kulisoma. "Volti ya juu" wakati wa kusimama inamaanisha muda wa kupunguza kasi ni mfupi mno. "Volti ya chini" inakuelekeza kwenye umeme wa nje. "Joto" inakupeleka kwenye feni na kichujio. Kosa likiandikwa kwenye daftari pamoja na saa yake, nusu ya utafutaji imeshafanyika.

Madai yake ni haya. Kwanza, mota ikizungushwa polepole kwa muda mrefu, feni yake ya nyuma nayo iko polepole, haipozi; mzigo ukiwa mzito unahitaji feni yenye mota yake ya pembeni. Kwa blowa shida hii ni ndogo, kwa kuwa mzigo nao hupungua sana kasi ikishuka. Pili, mapigo ya haraka ya invata huzaa umeme kwenye shafti, nao hutafuta njia ya kwenda ardhini kupitia beringi. Ukifungua beringi iliyokufa mapema ukakuta njia ya gololi ina matuta ya kufuatana kama bati la migongo, usibadilishe chapa ya beringi. Dawa ni kebo yenye koti la chuma lililofungwa ardhini pande zote mbili, waya wa ardhi uliokaza, na kwa mota kubwa beringi yenye kihami au brashi ya kutoa umeme kwenye shafti. Kukata kebo hiyo na kuunga na waya wa kawaida kwa sababu haikufika ni akiba ya siku moja.

Kwa kinu hiki ningegawa hivi

Mota za 2.2: ziachwe, kwa akiba ya mbili zinazolingana, ovalodi zikiwa kwenye ampea zake, vumbi likifutwa kila wiki. Ikiwa kila elevata ina mota ya aina yake, sharti limevunjika. Zipunguze ziwe za aina moja kadiri zinavyokufa, na mpaka hapo zikae kwenye orodha ya kupimwa.

Mota ya 75: ipimwe. Ikisimama hakuna unga, na mota ya ukubwa huo hainunuliwi duka la jirani. Mtetemo na ampea za fezi tatu kila mwezi, volti wakati huohuo, megga mara mbili kwa mwaka na kila baada ya kulala muda mrefu. Grisi kwa saa za kazi kama kibao chake kinavyosema, kwa gramu zilizopimwa. Ifunguliwe tu namba zikisema, na ikiwezekana kabla mahindi mapya hayajaanza kumiminika. Siku ikiungua licha ya yote hayo, chagua msukaji wa nyaya za mota kwa kuuliza anavyotoa nyaya za zamani. Anayechoma kwa moto wa kuni bila kupima joto huharibu chuma cha ndani, na mota hurudi ikila umeme zaidi kuliko ilipoondoka.

Blowa ya 30: mifumo miwili kwa mashine moja. Invata kwa tarehe, mota kwa vipimo. Nakala ya mipangilio yote ya invata ihifadhiwe, kwenye kibodi yake na kwenye karatasi ndani ya plastiki mlangoni mwa paneli. Hii haigharimu kitu, na bila hiyo invata mpya iliyofika saa moja asubuhi inaweza kukaa mpaka jioni ikingoja mtu anayekumbuka muda wa kupandisha kasi ulikuwa sekunde ngapi.

Fedha zikiwa chache, mpangilio wangu wa kununua ni huu: klampu mita nzuri (kipima ampea kinachobana waya), megga, kipima mtetemo, na kamera ya joto uikodi mara moja kwa mwaka. Wenye fundi mmoja tu wasianzishe fomu ya kurasa nne. Ukurasa mmoja kwa kila mota kubwa, safu sita: tarehe, volti, ampea, mtetemo, joto, alichosikia.

Stoo nayo ihesabiwe kama sehemu ya kiwanda. Mota ya akiba ikae mahali pakavu pasipotetemeka, shafti yake izungushwe kwa mkono kila mwezi na kuachwa pembe tofauti ili gololi zisichimbe sehemu moja. Invata ya akiba iandikwe tarehe iliyofika, na kila mwaka iwashwe kwa saa chache. Ikikaa zaidi ya mwaka mmoja au miwili bila umeme, kapasita zake hudhoofika, na kuiunganisha ghafla kwenye volti 400 kunaweza kuipasua. Hapo inatakiwa kupandishiwa volti taratibu kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wake.